Binti yangu halali nikiwa zamu ya usiku, naombeni ushauri

MamaWatatu:
Wanajamvi, habari za asubuhi. Nafanya usafi wa wodi hospitalini, usiku nne kwa wiki. Nikiondoka, binti yangu wa miaka 15 ndiye anabaki na wadogo zake wawili. Mwalimu wake kaniita: anasinzia darasani, na wiki iliyopita alianguka akiwa mstarini. Chakula cha asubuhi hagusi. Hedhi yake huwa nzito mno.

Nikamuuliza kwa nini halali. Akanijibu, "Mama, nikilala nitajuaje kama umefika salama?" Nilikosa la kusema.

Hali imezidi tangu juzi. Nilichomwa na sindano iliyokuwa ndani ya mfuko wa taka, nikanawa, nikafunga plasta nikaendelea na kazi. Aliiona hiyo plasta. Nimsaidieje mtoto huyu?

Nesi_wa_Zamu:
Dada, nitarudi kwa binti. Kwanza hiyo sindano. Ulichomwa siku gani na saa ngapi?

MamaWatatu:
Usiku wa kuamkia Jumanne, kama saa tisa. Sikuripoti. Tumeajiriwa na kampuni ya nje na msimamizi husema anayechomwa kafanya uzembe.

Nesi_wa_Zamu:
Leo ni Alhamisi, saa nne asubuhi. Zimepita saa 55. Dawa za PEP za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa unayochelewa nguvu yake inapungua. Toka sasa hivi uende kituo chochote kinachotoa dawa hizo. Ukifika useme, "Nimechomwa sindano kazini," usipange foleni ya kawaida.

Waulize pia kuhusu homa ya ini B. Wengi tunaiwaza VVU tu, na hatari yake kwa sindano moja yenye damu ya mgonjwa ni kama asilimia 0.3. Homa ya ini B kwa mtu ambaye hajachanjwa inaweza kufika asilimia 30. Chanjo ipo, dozi tatu: ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Mfanyausafi anaihitaji sawasawa na daktari, ila mara nyingi ndiye anayesahaulika.

Na uzembe si wako. Sindano ikishatumika inaingia kwenye sefti boksi, haiingii kwenye mfuko wa taka. Taka imekukuta wewe, hukuitupa wewe. Ripoti kwa maandishi ubaki na nakala.

Mwl_Malezi:
Naongezea kwa binti. Umri wake unahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Huyu anafanya zamu pamoja nawe, halafu asubuhi anaenda shule. Tafuta mtu mzima mmoja, jirani au shangazi, ambaye ndiye atakayepigiwa jambo likitokea usiku. Binti ajue kabisa kwamba mlinzi si yeye. Simu ikae chumba kingine.

Kuanguka, hedhi nzito na kutokula: mpeleke apimwe wingi wa damu. Usianze kumnunulia vidonge kwa kukisia. Na muulize waziwazi kama amewahi kuwaza kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Kunampa nafasi ya kusema.

Mtoto_wa_Dereva:
Mwalimu, hapo kwa simu sikubaliani nawe. Baba yangu aliendesha gari la wagonjwa usiku miaka yote ya utoto wangu. Hakutuambia chochote ili tusiogope, nami nilikuwa nahesabu milio ya magari hadi alfajiri. Ningepata neno moja tu, "nimefika," ningelala. Mama, tuma ujumbe huo ukifika kazini, ausome, kisha simu iwekwe mbali. Na mwambie ukweli kuhusu sindano. Plasta ameshaiona, na anayoyawaza peke yake ni mabaya kuliko yaliyopo.

Mwl_Malezi:
Nimekuelewa. Ujumbe mmoja, kisha simu iondoke. Hilo ni bora kuliko nililosema.

MamaWatatu:
Nimerudi. Nimepimwa, nimepewa PEP ya siku 28 na chanjo ya kwanza. Vipimo vya VVU nitarudia baada ya miezi mitatu. Nimemweleza binti yote, akataka kuviona vidonge. Alilia, kisha akala. Shangazi yake amekubali kupigiwa saa yoyote. Jumatatu tunaenda kupima damu yake.

Nesi, tumbo linanichafuka tangu nimeze kidonge. Ni kawaida?

Nesi_wa_Zamu:
Kichefuchefu hutokea sana siku za mwanzo. Jaribu kumeza baada ya kula, saa ileile kila siku. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, au ukiona vipele au macho ya njano, rudi kituoni siku hiyohiyo. Usikatishe mwenyewe. Na kama una mwenza, tumieni kondomu hadi majibu ya mwisho yatoke.

MamaWatatu:
Sawa, nesi. Leo niko zamu. Nimeshamtumia "nimefika."