Parameta katika Swift: jina moja, majina mawili au mstari wa chini?

MwanzoMsimbo
Wanajukwaa, habari zenu. Ninajifunza lugha ya programu ya Swift, na nimekwama kwenye majina ya parameta, yaani thamani ambazo funksheni (kipande cha msimbo chenye jina) hupokea inapoitwa. Naona parameta inaweza kuwa na jina moja, ikawa na mawili, la nje na la ndani, au jina la nje likaondolewa kwa mstari wa chini (`_`). Jana niliandika hivi:

`func hamisha(kutoka chanzo: Int, kwenda lengo: Int)`

Nilipotumia «kutoka» ndani ya funksheni, kompaila, programu inayotafsiri msimbo, ilikataa ikisema hakuna kitu chenye jina hilo. Ipi katika njia hizi inafaa zaidi?

Fundi_Mkongwe
Ndugu, kompaila haikukosea. «Kutoka» ni jina la anayeita funksheni, na «chanzo» ni la anayeandika mwili wake. Anayeita huandika `hamisha(kutoka: 3, kwenda: 7)`, na mstari huo unasomeka kama sentensi hata kwa mtu ambaye hajawahi kuiona funksheni yenyewe. Ndani unaandika `lengo - chanzo`, nayo inaeleweka mara moja. Ungebaki na jina moja, ungelazimika kuandika `kwenda - kutoka`, yaani kitenzi kutoa kitenzi! Kwa hiyo hapo majina mawili ndiyo chaguo sahihi.

Nyoka_wa_Msimbo
Mimi nilianzia Python, lugha nyingine ya programu, ambako jina la ndani ndilo hilohilo la nje. Ni rahisi kukumbuka, lakini niliwahi kubadili jina la parameta kwa nia njema ya kusafisha msimbo, na kila mahali palipoiita funksheni kwa kutaja jina la zamani la parameta hiyo pakaharibika. Katika Swift ningebadili la ndani peke yake, na waitaji wasingeathirika. Toleo la 3.8 la Python, la mwaka 2019, lilileta alama ya mkwaju (`/`) inayozuia parameta zilizoitangulia kuitwa kwa jina.

Sefu
Mstari wa chini nao una mahali pake. `max(4, 9)` haihitaji lebo, yaani jina la nje, kwa kuwa ukigeuza nafasi za namba jibu halibadiliki. Lakini nikikuta `toa(9, 4)`, siwezi kujua ipi inatolewa kwenye ipi bila kwenda kufungua funksheni yenyewe. Jihadhari pia na mafunzo yaliyoandikwa kabla ya Swift 3 ya mwaka 2016, kwani wakati huo parameta ya kwanza kwa kawaida haikuwa na lebo.

MwanzoMsimbo
Nashukuru sana. Je, ninaweza kuwa na `hamisha` nyingine yenye lebo tofauti?

Fundi_Mkongwe
Unaweza, kwa sababu lebo ni sehemu ya jina kamili la funksheni. `hamisha(kutoka:kwenda:)` na `hamisha(kabla:baada:)` ni funksheni mbili tofauti, hata kama zote zinapokea namba mbili kamili. Ukibadili majina ya ndani pekee, kompaila itakuambia kwamba umeirudia ileile.