Maranta yangu inakauka ncha za majani, na picha zake za jioni zinapepesa: naomba ushauri

MamaMajani

Ndugu zangu, habari za jioni. Ninaishi Maji ya Chai, wilayani Arumeru, na kwa miezi minane sasa ninalea maranta ndani ya nyumba, ile aina yenye mishipa myekundu na madoa ya kijani kibichi katikati ya jani. Niliinunua kwenye kitalu cha barabarani ikiwa na majani manne, na leo nimehesabu 17. Wengi wenu mnaijua kwa jina la mmea wa maombi, kwa sababu mchana majani yake hulala bapa na jioni huinuka na kusimama kama viganja vya mtu anayeomba. Kila siku nikirudi kazini huwa ninakaa karibu nayo nikingoja jambo hilo, na sijawahi kulichoka.

Nina shida mbili. Ya kwanza ni kwamba ncha za majani zinageuka kahawia na kukauka, kisha ukavu huo unateremka ukingoni mwa jani ukitanguliwa na mstari mwembamba wa manjano. Mmea haupigwi na jua, udongo haukauki wala hautuami maji, na kwa kuhofia vijidudu huwa ninayachemsha maji ya kisima na kuyapoza kabla ya kumwagilia. Ya pili ni kwamba nimejaribu kupiga picha mfululizo kwa simu ili nionyeshe majani yanavyoinuka, lakini video inayotoka inapepesa, mara nyeupe mara nyeusi, na nusu yake ya mwisho ni giza tupu. Naomba anayejua anielekeze.

BustaniNdogo

Dada, hongera kwa kuufikisha hapo, maana wengi hawavuki miezi mitatu. Maranta asili yake ni misitu ya mvua ya Brazili, ambako huota chini ya miti mikubwa, kwa hiyo hupenda hewa yenye unyevu na joto la nyuzi 18 hadi 27. Huko Arumeru miezi ya Juni na Julai baridi yake ni kali, basi usiuache karibu na dirisha usiku. Geuza pia majani uangalie upande wa chini: ukiona vumbi linalotembea na utando mwembamba kama wa buibui, hao ni utitiri, na utawaondoa kwa kupangusa kila jani kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Kuhusu ncha, nadhani ni klorini. Yaache maji wazi kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi klorini itakuwa imepungua sana.

Mwalimu_Nakuru

Ninakubaliana na aliyetangulia kuhusu baridi na utitiri, ila katika suala la maji naomba nimsahihishe kwa heshima, kwa sababu jambo hili limenigharimu mimea yangu mitatu. Maji ya kisima hayana klorini isipokuwa mtu ameitia. Nilipoona jina la Maji ya Chai nilijua tatizo liko wapi: miamba ya volkano inayouzunguka Mlima Meru ina floraidi nyingi, sawa na hapa kwetu kwenye Bonde la Ufa, na ndiyo maana huko kwenu na huku kwetu utawakuta watu waliozaliwa na kukulia hapo wakiwa na meno yenye madoa ya kahawia. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi kwenye maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya ukanda huu huzidi hapo mara kadhaa. Maranta na ndugu zake kalathea ni miongoni mwa mimea inayoumizwa upesi na floraidi. Mizizi huifyonza pamoja na maji, maji hupanda hadi jani na kutoka kama mvuke, lakini floraidi haitoki. Inabaki ikirundikana mwishoni mwa safari, yaani kwenye ncha na kingo, hadi inaua chembe za jani mahali hapo.

Sasa dada, hapa ndipo utakaposikitika. Floraidi hairuki hewani hata ukiyaacha maji wazi wiki nzima, na kuyachemsha kunaizidisha, kwa sababu kinachopungua sufuriani ni maji na kinachobaki ni floraidi ileile ndani ya maji machache zaidi. Umekuwa ukiuhudumia mmea wako kwa upendo na huku unaukolezea kile kinachouumiza.

Dawa ni maji ya mvua. Yaache manyunyu ya kwanza yaoshe vumbi la paa, kisha kinga. Ukishapata ya kutosha, peleka chungu nje kivulini, mimina maji ya mvua polepole juu ya udongo hadi yatoke chini, na urudie mara tatu au nne ili chumvi zilizojikusanya zitoke. Jihadhari pia na mbolea za fosfeti, kwani mwamba zinakotengenezwa huwa na floraidi ndani yake. Mboji iliyooza vizuri inatosha. Majani yaliyokwisha kuungua hayatapona. Unaweza kupunguza sehemu kavu kwa mkasi ukiacha uzi mwembamba wa kahawia bila kugusa sehemu hai. Kinachopaswa kuangaliwa ni jani jipya tu.

JichoLaPwani

Mimi niseme juu ya picha, maana huko ndiko niliko kila siku hapa Tanga. Kupepesa kwa video yako kuna sababu mbili. Simu inapima mwanga upya kwa kila picha, hivyo kila ikibadili uamuzi wake utaona mruko wa weupe na weusi. Kwenye simu nyingi ukibonyeza jani na kushikilia kidole kwa muda, fokasi na mwangaza hufungwa. Sababu nyingine ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde bila macho yetu kutambua, ila kamera inatambua. Ikiwa simu yako inakuruhusu kuchagua kasi ya shata, yaani muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia, weka 1/50 ya sekunde.

Giza la mwisho linatokana na wewe kutegemea dirisha, nalo Arusha humezwa na usiku mara tu baada ya saa kumi na mbili na nusu. Weka taa moja hafifu iliyogeuziwa ukutani ili mwanga wake urudi ukiwa laini, uiwashe kabla ya kuanza na usiiguse tena. Usitumie flashi hata kidogo, kwa kuwa jani la maranta lina kama hariri juu yake na flashi huiua kabisa. Simu iwe kwenye stendi. Piga picha moja kila baada ya sekunde 30, kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi saa mbili usiku: utapata picha 300, ambazo kwa kasi ya picha 25 kwa sekunde ni video ya sekunde 12. Shuka pia na kamera hadi usawa wa chungu, kwa sababu uzuri wa usiku uko mgongoni mwa jani, kwenye ile rangi ya zambarau ambayo mchana haionekani.

MamaMajani

Nimesoma maelezo ya Mwalimu mara mbili, na kweli nimesikitika kuhusu sufuria. Swali moja kwa JichoLaPwani: je, hiyo taa haitaudanganya mmea ukadhani bado ni mchana, majani yakakataa kuinuka?

JichoLaPwani

Ikiwa kali, itauchelewesha. Ikiwa hafifu, majani yatainuka, kwa sababu mmea una saa yake ya ndani. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliufungia gizani mmea wa jamii ya kifauwongo, naye akaona majani yanaendelea kufunguka na kufumba kwa wakati wake bila kuliona jua. Kwa maranta, kazi hiyo inafanywa na kifundo kilichovimba kidogo mahali kikonyo kinapokutana na jani: maji yakihama kutoka chembe za upande mmoja kwenda upande wa pili, jani linainuka. Kivute karibu kwa kamera siku moja, kinastahili picha yake peke yake.

MamaMajani

Ninarudi baada ya wiki sita. Vuli zilianza siku ya nne baada ya uzi huu, nikakinga madumu matano na kuuosha udongo kama nilivyoelekezwa. Majani ya zamani nimeyapunguza kwa mkasi. Jani la kwanza lililochomoza baadaye lilikuja na ukavu kidogo nchani, nikakata tamaa, lakini la pili lilifunguka Jumanne likiwa limeviringika kama mkeka mdogo, na leo ni siku ya tano, ncha yake ni ya kijani hadi mwisho. Video nimeipiga jana. Inatulia tangu mwanzo, na kwenye sekunde ya saba jani hilo jipya linaanza kuinuka baada ya wenzake wote kwisha kusimama.