Bash: -l, -i au --norc? Skripti ya usiku inagoma

BintiTudor
Salaam wanajamvi. Ofisini kwetu karibu na Kilindini kuna skripti ya Node (programu inayoendesha JavaScript) inayotuma orodha ya makontena saa saba usiku kwa cron, kipangaji cha kazi za saa maalum, kwenye Ubuntu. Mchana nikiiendesha mwenyewe inapita. Usiku cron inadai haiijui node. Node tuliiweka kwa nvm, zana ya kusakinisha na kubadilisha matoleo ya Node. Naona wengine huiendesha kupitia Bash, programu inayopokea amri: wengine bash -l, wengine bash -i. Ipi nishike?

KijanaWaKisauni
Dada, andika bash -lc 'node tuma.js' ukalale; c huendesha amri iliyo kwenye nukuu. Kwa -l, Bash hujiona kama umeingia upya kwenye mashine: husoma /etc/profile, kisha faili ya kwanza itakayoikuta kati ya ~/.bash_profile, ~/.bash_login na ~/.profile.

FundiSeva_Nyali
Haifui dafu hiyo. nvm huweka mistari yake mwishoni mwa ~/.bashrc, faili ya mipangilio ya Bash. Kweli ~/.profile ya Ubuntu huiita .bashrc, lakini ifungue hiyo .bashrc utazame juu:

```
case $- in
    *i*) ;;
      *) return;;
esac
```

$- ni orodha ya hali za Bash, na i humaanisha kuna mtu anayeandika amri. Yaani kama hayupo, ishia hapo. -l haileti ile i, kwa hiyo mistari ya nvm haifikiwi kamwe.

KijanaWaKisauni
Basi -ic, iipe hiyo i, yaishe.

FundiSeva_Nyali
Itafanya kazi, kwa kelele. Bash itatafuta terminali ambayo haipo na kulalamika kila usiku, na majina yako yote ya mkato na mapambo ya .bashrc yatapakiwa bure. Kwangu -i ni ya kujaribia tu.

MzeeWaLikoni
Wanangu mnazunguka mbuyu. Cron huanza na PATH (orodha ya folda ambamo amri hutafutwa) fupi, /usr/bin:/bin, na amri huzipitisha kwa /bin/sh, ambayo kwenye Ubuntu ni dash, programu nyingine ya amri, wala si Bash. Tengeneza tuma.sh (nukta ya mstari wa pili huipakia nvm):

```
#!/bin/bash
. "$HOME/.nvm/nvm.sh"
node "$HOME/tuma.js"
```

Hapo -l na -i zote hazina kazi. Unaweza pia kutaja node kwa njia yake kamili, ila nvm huweka namba ya toleo ndani ya njia hiyo. Ukipandisha Node, itabaki na toleo la zamani, na ukilifuta hilo, inavunjika. Na usingoje saa saba kujaribu (-i ya env si ile ya Bash, hii huanza na mazingira matupu):

```
env -i HOME="$HOME" PATH=/usr/bin:/bin /bin/sh -c "$HOME/tuma.sh"
```

BintiTudor
Shikamoo mzee. Nimeipa ruhusa kwa chmod +x, imepita kwa env -i. Sasa --norc mwaitumia wapi?

FundiSeva_Nyali
Hiyo huizuia Bash kusoma .bashrc. Ni ya pale .bashrc inapokufungia nje. Mtu akiweka exec (amri inayoiweka programu nyingine mahali pa Bash) ya programu mbovu mwishoni mwake, kila ukiingia kwa ssh unatupwa. Hapo:

```
ssh -t seva 'bash --noprofile --norc'
```

Unaingia, unafuta ule mstari. --noprofile huzuia zile faili za profile zinazosomwa kwa -l; bila -l haibadilishi kitu. Mimi huiandika kwa mazoea.

KijanaWaKisauni
Nyongeza kwa wanaopenda -l: ikishakuwepo ~/.bash_profile, ~/.profile haisomwi tena. Kuna visakinishi huiunda kimyakimya, kesho yake nusu ya PATH yako haionekani. Ndani yake tia . ~/.profile, zitasomwa zote mbili.