Ndege na manowari za India: kosa liko kwa muuzaji, kiwandani, au kwenye mkataba?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Aprili 2025 manowari za India zilitia nanga Dar es Salaam kwa zoezi la kijeshi la baharini la AIKEYME, ambalo Tanzania na India zililiandaa pamoja. Mwaka mmoja kabla yake, Machi 2024, INS Kolkata iliiandama meli ya MV Ruen iliyotekwa na maharamia wa Kisomali, mpaka maharamia 35 wakajisalimisha na mabaharia 17 wakatoka wazima. Bahari ni hii hii tunayopitishia mizigo yetu, kwa hiyo uzima wa manowari za India unatuhusu.

Swali langu: nchi yenye wahandisi wengi kiasi hicho, iliyotua mwezini, inakuwaje ndege zake za kivita na nyambizi zake zishinde juu ya mawe? Wapo wanaolaumu Urusi, muuzaji wake mkubwa. Wapo wanaolaumu viwanda vya nyumbani. Mimi naona kosa liko kwenye mkataba. Kwa miaka mingi India imenunua chombo bila kununua uwezo wa kukitunza.

Chukueni INS Vikramaditya. Warusi walikuwa na manowari kuukuu ya kubeba ndege, Admiral Gorshkov, ndiyo iliyokuja kuwa Vikramaditya. Mwaka 2004 wakakubaliana: chombo bure, India ilipe ukarabati tu, dola milioni 974, na ikabidhiwe 2008. Ilikabidhiwa Novemba 2013, bei ikiwa imepanda hadi takriban dola bilioni 2.3. Na mwaka mmoja kabla ya makabidhiano, kwenye majaribio ya baharini, boila saba kati ya nane zilikuwa zimeharibika. Cha bure ghali.

Kilichoniuma zaidi ni ndege za kivita zilizonunuliwa Urusi ziruke kutoka humo, MiG-29K 45. CAG wa India (na wao wana CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, na ripoti zake hupelekwa bungeni kama zetu) aliandika 2016 kwamba injini 40, yaani asilimia 62, zilikuwa zimeondolewa kazini kwa kasoro za usanifu. Ndege zilizokuwa tayari kuruka zilikuwa kati ya asilimia 16 na 38 hivi. Yaani ukiwa na ndege kumi, za kurusha ni mbili, tatu, zikizidi sana nne. Nani alikaa mezani akasaini bila kuuliza injini ikifa itafufuliwa wapi, na nani, kwa siku ngapi?

Fundi wa chelezo, Mombasa

Mleta mada, umewaonea kidogo Warusi kwenye Gorshkov. Nimefanya kazi ya kukarabati meli miaka mingi. Meli kuukuu huwezi kuipangia bei ukiwa umesimama gatini. Unakata bamba moja, unakuta kutu imekula mbavu. Unafungua dari, nyaya zote zimeoza. Kwenye ile manowari walilazimika kutandaza upya kilomita 2,300 za nyaya. Hakuna fundi duniani ambaye angeliona hilo kwa macho mwaka 2004.

Hata zile boila zina kisa chake. Kwa desturi zilikingwa joto kwa asbesto. India ikaikataa, na haki yake, maana asbesto inaua mafundi. Yakatumika matofali ya kuhimili moto, yakashindwa kwenye mwendo wa kasi. Nimeona wenzangu wakikohoa mpaka uzeeni, kwa hiyo siwezi kuilaumu India kwa hilo hata kidogo. Kosa lao ni kukubali bei moja kwa chombo ambacho hakijafunguliwa.

Mdau, Dodoma

Ninyi nyote mnazunguka mbuyu. Dawa ni kutengeneza nyumbani. Manowari ya kubeba ndege INS Vikrant imeundwa Kochi, India kwenyewe, ikaanza kazi rasmi Septemba 2022, na wanasema asilimia 76 ya vilivyomo ni vya Kihindi. Ikiharibika, aliyeiunda yuko mlangoni.

Mkitaka kuona hatari ya kutegemea wengine, tazameni manowari mbili za India zilizoundwa Kaliningrad, INS Tushil na INS Tamal. Zimeundwa Urusi, lakini injini zake zimetoka Ukraine. Urusi na Ukraine zinapigana, na India ndiyo iliyolazimika kuzinunua injini kwa mmoja ili zifungwe kwenye meli kwa mwingine. Spea mtaagiza wapi vita vikikolea?

Mchangiaji, Muscat

Kutengeneza nyumbani? Ndugu yangu wa Dodoma, Tejas umeisahau? Mradi wa ndege hiyo ya kivita ya Kihindi ulianza miaka ya 1980. Iliruka mara ya kwanza Januari 2001, kikosi cha kwanza kikaipata 2016. Mwaka 2021 serikali ikaagiza Tejas Mk1A 83 kutoka HAL, kiwanda chake cha ndege, ya kwanza ifike Machi 2024. Tarehe ikapita bila ndege. Mojawapo ya sababu ni injini ya F404, nayo inatoka Marekani. Injini ya kwanza kati ya 99 zilizoagizwa ilifika Machi 2025. Mkuu wa jeshi la anga, A. P. Singh, alisema waziwazi Februari mwaka huo kwamba hana imani na HAL.

Wakati wanasubiri, MiG-21 zilizoingia kazini tangu 1963 zilistaafishwa Septemba 2025, na vikosi vya ndege vita vikashuka hadi 29, wakati vinavyotakiwa ni 42. Rubani hawezi kurusha ahadi. Wanunue nje, na wanunue haraka.

Mdau, Dodoma

Haraka ipi? Zabuni ya ndege 126 ilitangazwa 2007. Rafale ya Ufaransa ikachaguliwa 2012. Mazungumzo yakafa, na 2016 wakasaini 36 tu, kwa karibu euro bilioni 7.9. Tangu kashfa ya rushwa ya mizinga ya Bofors, ofisa akishika faili la silaha anaogopa kalamu. Na akisaini mtu, mwingine anafuta, kama walivyofuta mkataba wa helikopta za AgustaWestland 2014. Kununua nje nako ni miaka kumi.

Mleta mada

Fundi, nimekubali kuhusu nyaya. Wa Dodoma na wa Muscat, mnabishana juu ya mahali, na ndipo ninapotofautiana nanyi. Nyambizi INS Sindhukirti ilikaa kwenye matengenezo karibu miaka tisa, tena huko huko nyumbani, Visakhapatnam. Kuwa na karakana mlangoni hakukusaidia kitu.

Na tukizungumza haya tukumbuke watu. Februari 2014 moto ulizuka ndani ya INS Sindhuratna, ikiwa kwenye majaribio baada ya matengenezo. Maofisa wawili walikufa. Miezi michache nyuma, Sindhurakshak ilikuwa imelipuka bandarini Mumbai, ikafa na watu 18. Siku ile ile ya Sindhuratna, mkuu wa jeshi la majini, Admirali D. K. Joshi, alijiuzulu, akabeba lawama mwenyewe. Namheshimu kwa hilo mpaka leo, maana wenye mafaili ya ununuzi hawakumfuata.

Ushahidi kwamba mkataba unaweza kuandikwa vizuri upo. Kwenye ule wa Rafale wa 2016 muuzaji alibanwa kuhakikisha asilimia 75 ya ndege zinaweza kuruka. Linganisheni na MiG-29K. Aprili 2025 wamesaini Rafale M 26 za kuruka kutoka kwenye manowari, na matunzo yamo ndani ya mkataba. Kwa nini hili lisiwe sharti la kila ununuzi, wa HAL ukiwemo?

Fundi wa chelezo, Mombasa

Hapo tuko pamoja, ila una shimo moja. Dhamana ya muuzaji ina mwisho. Ikiisha, funguo za injini ziko mkononi mwa nani? Safran, kampuni ya Kifaransa inayounda injini za Rafale, yaani M88, imeahidi karakana ya injini hizo Hyderabad, India. Mimi ningetaka kuona fundi wa Kihindi anaifungua injini hiyo, anabadilisha mapanga yake, anaifunga na kuitia saini bila kupiga simu Ufaransa. Kama mkataba hausemi hivyo, mleta mada, hizo asilimia 75 ni za kukodi.