Kijiji kina haki gani juu ya ushuru wa mazao?

Mjumbe wa Kijiji
Ndugu zangu, mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji kimoja mkoani Lindi, na zao letu ni ufuta unaouzwa mnadani kwa stakabadhi ghalani, yaani mkulima huweka mazao ghalani, hupewa stakabadhi, kisha mazao hupigwa mnada. Ushuru wa asilimia 3 huingia moja kwa moja katika akaunti ya halmashauri ya wilaya, ilhali sisi tunaendelea kuchangisha kaya fedha za kupaulia darasa lililosimama kwenye lenta. Wananchi wanapouliza katika mkutano mkuu sehemu yao iko wapi, mwenyekiti waliyemchagua wenyewe hana taarifa ya kuwasomea. Je, kuna sheria inayolazimisha turejeshewe chochote, na kijiji kinaweza kuwa na chanzo chake chenyewe?

Mhasibu Mstaafu
Ndugu Mjumbe, kodi ya maendeleo na kodi nyingine zilizohesabiwa kuwa kero zilipofutwa mwaka 2003, Serikali Kuu ilianza kuzipa halmashauri ruzuku ya fidia, na asilimia 20 yake ilipaswa kufika vijijini. Nasema ilipaswa, kwa sababu agizo hilo lilitegemea miongozo, na wilaya ilipobanwa na bajeti, fungu la kijiji lilikuwa jepesi kuliko yote kuahirishwa. Taarifa za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zimeligusa jambo hili zaidi ya mara moja. Linganisha na asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo tangu mwaka 2018 imo ndani ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, hivyo mkurugenzi asiyeitenga anaulizwa kwa kifungu. Kwa maoni yangu, mgao wa kijiji nao ungeandikwa katika sheria hiyohiyo. Kwa sasa, mwombeni diwani wenu adai taarifa ya marejesho kwa maandishi katika baraza la madiwani.

Mkazi wa Kilwa
Msingoje marejesho peke yake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi katika ardhi yake, kuusimamia na kupata mapato yake. Huku kwetu, vijiji kama Nanjirinji A vimeuza magogo kwa utaratibu huo na kutumia fedha kwa miradi iliyoamuliwa na mkutano mkuu. Yahitajika mpango wa usimamizi, hesabu ya miti na kamati ya maliasili isiyoyumbishwa na wanunuzi.

Mtendaji wa Zamani
Ndugu wa Kilwa, ushauri wako ni mzuri kwa wenye msitu, lakini vijiji vingi havina mti wa kuuza. Njia iliyo wazi kwa kila kijiji ni sheria ndogo: halmashauri ya kijiji hutunga rasimu, kwa mfano ya ada ya gulio au ya machimbo ya mchanga, mkutano mkuu huijadili, kisha baraza la madiwani huiidhinisha. Hapo ndipo penye ugumu, kwa kuwa anayeidhinisha ndiye pia anayetaka chanzo hichohicho. Kwa hiyo, Ndugu Mjumbe, chagueni chanzo ambacho wilaya haikikusanyi, ambatisheni muhtasari wa mkutano wenye orodha ya mahudhurio, na hakikisheni nakala ya barua inagongwa muhuri wa kupokelewa siku hiyohiyo mnayoiwasilisha.