Naomba ushauri: Docker inawahi kuwaka kabla folda ya NFS haijaungwa

Habari zenu wakuu, naombeni mnisaidie hapa nimekwama. Nina seva mbili za Debian 12 (Linux), moja inatunza mafaili nyingine inaendesha Docker (inayoendesha programu ndani ya kontena, yaani kila moja kwenye boksi lake), na folda ya /mnt/data ya hii ya pili inatoka kule kwa NFS (njia ya kutumia folda ya seva nyingine kupitia mtandao) kupitia fstab (faili lenye orodha ya folda na diski za kuunga seva ikiwaka). Sasa umeme ukikatika ukarudi zinajiwasha zenyewe, Docker inaamka kabla folda haijaungwa, kontena zinakuta /mnt/data tupu zinaanza kuandika kwenye diski ya ndani, halafu NFS ikija kuungwa inafunika yale yote na watu wa ofisini wanadhani mafaili yao yamepotea. Hii ndo inaniumiza zaidi, bora Docker igome kabisa kuliko kuandika sehemu isiyo yake.

Nikiingia mwenyewe nikapiga mount -a (amri ya kuunga vilivyo kwenye fstab) inakubali hapohapo kwahiyo ruhusa na mtandao viko sawa. Kwenye fstab nina _netdev (folda inahitaji mtandao) na nofail (seva iendelee kuwaka hata folda ikikosekana), kwenye docker.service (mipangilio ya kuwasha Docker) nimeongeza After=network-online.target ili isubiri mtandao ila bado, na naanza kuhisi hiyo nofail ndo inafanya systemd (inayowasha huduma za seva) isisubiri folda.

Swali langu, niweke RequiresMountsFor=/mnt/data (Docker isiwake bila folda kuungwa) kwenye docker.service au niende na x-systemd.automount (folda iungwe pale inapoguswa) kwenye fstab? Na kama seva ya mafaili ikichelewa kuamka kuliko hii, Docker itajaribu tena yenyewe folda ikipatikana au itabaki imelala mpaka niiwashe kwa mkono? Aliyewahi kukutana na hii anielekeze tafadhali, nitashukuru sana.