Naomba ushauri: nionyeshe toleo lipi la filamu ya Godard na Rolling Stones?

Habari zenu wakuu. Naandaa kuwaonyesha vijana wanaojifunza kutengeneza filamu ile kazi ya 1968 ya Jean-Luc Godard, mwongozaji filamu wa Ufaransa, aliyowarekodi bendi ya roki ya Rolling Stones studioni London wakiujenga wimbo "Sympathy for the Devil". Kamera inazunguka polepole, wimbo unaanza kwa upole, unavunjwa, unarudiwa, hadi ngoma zinaushika. Brian Jones, mpiga gitaa wa bendi, amejitenga na wenzake akiwa na gitaa lake, inauma kumtazama. Mara tunahamishiwa kwenye uwanja wa magari mabovu kando ya mto Thames, wanamapinduzi weusi wanasoma maandishi ya siasa huku wakipokezana bunduki.

Shida ni kwamba matoleo ni mawili. La Godard, One Plus One, halikupi wimbo mzima. La prodyuza linauweka mwishoni, na Godard alikasirika sana. Mimi naegemea la Godard, maana kutokamilika huko ndiyo hoja yenyewe, ila nahofia vijana watahisi wamepunjwa.

Mliowahi kuionyesha, mlichagua lipi? Mlieleza kwanza siasa za 1968? Na yale maandishi marefu ya Kiingereza, mliweka tafsiri chini ya picha au mlisimamisha filamu mkaeleza?